Kwa Nini Kompyuta Hupima Herufi Kabla ya Kuuliza Jina

Sogeeni karibu. Kuna wakati kompyuta ilijua majina mawili tu ya mitindo ya herufi: Koza, yaani zilizo nene, na Mlazo, zilizoinama. Fonti, yaani seti ya herufi, iliyokuja na majina mengine haikufukuzwa. Ilifanyiwa baya zaidi. Mashine ilizichukua herufi zake za kawaida, ikazipaka wino mara mbili, ikasema hizo ndizo nene.

Wakati huo, huko Pangani, Mzee Semboja alifiwa na mkewe, Mwantumu, mchoraji wa herufi. Marehemu aliacha fonti moja, kazi ya miaka tisa. Mtindo mnene aliuita Shibe, ulioinama, Upepo. Mzee alitaka kijitabu cha hitima ya arobaini kichapwe kwa herufi hizo. Nakala ya majaribio ilipotoka, jina la Mwantumu lilikuwa limevimba, na tumbo la kila a limezibwa wino.

Akaenda kwa Nasra, aliyeitunza programu ya kompyuta pale kiwanda cha uchapaji.

"Babu, badilisha jina tu, andika Koza. Ni dakika moja."

"Aliyelitoa jina yuko kaburini, mwanangu. Nenda kamwombe ruhusa, nakungoja hapa."

Nasra alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Programu haiijui Shibe."

"Basi ifundishwe."

Kila asubuhi Mzee akaketi mlangoni pa kiwanda, kanzu imepigwa pasi, diski ya fonti mfukoni. Hakuomba, hakugomba. Wateja walimtania, "Mzee, siku hizi umekuwa askari?"

"Naam. Nalinda majina mawili."

Siku ya thelathini na nane ya msiba, Nasra alikwenda sokoni kununua mchele. Kila gunia lilikuwa na jina lake, na muuzaji aliyataja yote kwa mbwembwe. Mizani haikuuliza hata moja. Akarudi mbio. Akaifundisha programu kupima unene wa mistari na mwinamo wake, kisha kuliandika kila jina daftarini, kando ya uzito wake. La kwanza likawa Shibe.

Arobaini ilipofika, Mzee Semboja alipitisha kidole juu ya jina la mkewe. Tumbo la kila a lilikuwa wazi.

Na tangu siku hiyo, programu yenye adabu hupima kwanza, ndipo ikauliza jina. Ukifungua orodha ya mitindo ukakuta hii Nene, ile Nzito, nyingine Shibe, na zote uzito mmoja, usitafute ya kufuta. Kila jina lina aliyelitoa, na huenda yuko mtu mlangoni analilinda.