Sauti ya Pili Ikiwa Peke Yake

Mama mmoja alikuwa uani anakamua blanketi, mikono imeishiwa nguvu, simu ikalia. Akajifuta kwenye kanga, akapokea. Alikuwa nesi mmoja anayesoma naye darasa la kuimba.

"Dada, kesho mimi sitafika. Wamenibadilishia zamu."

"Na onyesho letu?"

"Si mtabaki watatu? Mtatosha bwana. Sauti moja ikikosekana, nani atajua?"

Akina mama wenzangu, niwaeleze kidogo. Huyu mama alikuwa mjane. Watoto walishakwenda kuanza maisha yao, nyumbani amebaki na redio. Siku moja aligundua jua limezama na hajasema neno lolote tangu asubuhi, isipokuwa kumfukuza kuku. Ndipo akaenda kujiandikisha kujifunza kuimba. Ndiyo, na miaka yake hamsini na mitatu. Msicheke. Walimfundisha kupumua kwa tumbo. Walimpa mrija na glasi ya maji, awe anaimba ndani ya mrija mpaka maji yatoe mapovu, ili koo lilegee. Jirani akimsikia alikuwa akiuliza kutoka ng'ambo ya ukuta, "Mama, leo unachemsha nini?"

Darasani walikuwa wanne: yeye, nesi, fundi cherehani na mwalimu mmoja mstaafu. Walijifunza muziki wa jazi wa sauti tupu, hauna gitaa wala ngoma. Kila mtu ana noti yake, na noti zenyewe zinakaa karibu karibu, zinasukumana kama watu kwenye benchi fupi. Nesi ndiye aliyeshika wimbo wenyewe, ule ambao watu wangeutambua. Mama alipewa sauti ya pili. Na ile sauti ya pili, ukiiimba peke yako, si tamu hata kidogo. Inapanda pale masikio yanapotaka ishuke. Miezi mitano aliifanyia mazoezi jikoni, inamkwaruza, anavumilia, kwa sababu Jumamosi wakikutana wanne ilikuwa inakaa mahali pake. Hiyo Jumamosi ndiyo siku pekee ya juma aliyokuwa na watu.

Kesho yake akavaa, akaenda ukumbini. Fundi cherehani hakuwepo. Alikuwa na nguo za harusi za kumaliza, akajisemea wenzake watatu wataziba pengo lake. Mwalimu mstaafu goti lilimuuma, naye akajisemea vivyo hivyo. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kila mmoja alidhani atakayekosekana ni yeye tu.

Mwalimu wao wa kuimba akamwambia, "Mama, si bora tuahirishe?"

"Watu wameshakaa. Nitaimba."

"Utaimba nini sasa?"

"Nilichofundishwa."

Akasimama mbele, akaimba sauti ya pili mwanzo hadi mwisho, hakukosea hata noti moja. Mnafikiri ilikuwaje? Watu walitazamana. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akamwambia mwenzake, wala hakunong'ona, "Maskini, wimbo wenyewe haujui. Si angebaki nyumbani na wajukuu?" Alipomaliza wakampigia makofi, yale ya kumhurumia mtu. Akachukua mkoba wake akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakwenda darasani. Na ile nyingine hakwenda.

Niwaulize: siku ile nani alikosea?

Naona wengine mnafuta macho. Kila mmoja anajiona yeye ndiye yule mama. Hata mimi, nilipokuwa naufikiria mfano huu huku nasugua masufuria, nilijiona ni yeye. Hapana, jamani. Sisi ni wale watatu.

Hapa kwetu yupo mwenzetu aliyefiwa. Tulikwenda msibani, tukalala kwenye mikeka siku tatu, tukapika, tukaimba, tukabeba masufuria yetu tukarudi makwetu. Siku hizi akija kwenye mkutano anajibu kwa ukali, analeta maneno yasiyo na mahali pake, nasi tukiwa njiani tunaambiana, "Yule amebadilika." Hajabadilika. Ameshika sehemu yake ile ile aliyoshika tulipokuwa tumemzunguka. Zilizokosekana ni sehemu zetu, kisha tunasema yeye ndiye anayeimba vibaya. Na kila mmoja wetu amejisemea moyoni kwamba wengine watakwenda kumwona. Wengine hao ni akina nani? Wengine ndio sisi tuliokaa hapa.

Wala sisemi mwende na hotuba. Wale watatu walipokuja kuulizana, wakagundua siku ile hakwenda hata mmoja, waliona aibu. Jioni moja wakamfuata nyumbani. Wakamkuta amekaa gizani, redio imezimwa. Fundi akaanza, "Dada, tusamehe. Unajua siku ile mimi nilikuwa na..."

Mama akamkatiza. "Mmekula?"

Hawakuwa wamekula. Maharage yaliyokuwa jikoni yalikuwa ya mtu mmoja. Akayaongezea maji na nyanya mbili. Nesi akapewa kisu na vitunguu, fundi akasonga ugali, mwalimu mstaafu akaambiwa apange sahani. Hakuna aliyeimba. Ulisikika mwiko wa fundi. Chakula kilipowekwa mezani, mama alibaki amesimama, akahesabu kwa kidole kama tunavyohesabu sisi sote kabla ya kupakua: mmoja, wawili, watatu, na yeye wa nne.

Wote wapo. Akaketi, wakanawa.