Mstari Mmoja wa Tuonane Tena

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu, ni juzijuzi tu watu walipokuwa wamekwisha kuzoea kutafutana kwa simu, aliishi Kasulu mwalimu mstaafu aliyeitwa Nyanzobe. Baba yake alikwenda Tanga kukata mkonge yeye akiwa bado tumboni. Hakurudi. Hakuandika, hakutuma salamu, na hapakutokea mtu wa kusema kwamba alimwona mahali.

Nyanzobe alipostaafu akasema, wangu sikumpata, nitawatafutia wengine. Akaanzisha tovuti, akaiita Tuonane Tena. Aliyepotelewa na ndugu alimweleza, kwa mdomo au kwa barua pepe, jina la huyo ndugu, ukoo wake, kijiji chake na mwaka walioonana mara ya mwisho. Nyanzobe aliandika yote kwenye daftari, kisha akaenda kwa Leokadia, mama wa makamo mwenye duka la kopi na intaneti, wakayaweka mtandaoni pamoja. Miaka tisa walifanya hivyo. Katika miaka hiyo watu mia mbili na zaidi walionana tena.

Sasa, jina la tovuti si kama jina la mtoto, kwamba ukishapewa ni lako mpaka kaburini. Hulipiwa kila mwaka, na lisipolipiwa huachwa wazi, akapita mwingine akalichukua. Aliyelisajili ni Leokadia, na kila mwaka alililipia kwa fedha zake. Hata siku moja hakumwambia Mwalimu ni kiasi gani.

Mwaka wa kumi ukaja ukumbusho wa kulipa. Leokadia akauona, akasema kesho. Ukaja wa pili, akasema kesho kutwa. Ulikuwa msimu wa wanafunzi kuomba vyuo, duka limejaa watu mpaka mlangoni. Wa tatu hakuufungua.

Asubuhi moja, msongamano wa dukani ulipopungua baada ya wiki kadhaa, Nyanzobe alifungua Tuonane Tena pale kwa Leokadia asikute orodha ya watu wake. Palikuwa na ukurasa mweupe, maneno matatu na namba ya simu: Jina hili linauzwa.

Leokadia akakaa kwenye kiti cha wateja. "Mwalimu," akasema, "ni mimi."

Nyanzobe hakumkaripia. Akaipiga ile namba, akaweka sauti ya wazi ili Leokadia naye asikie, akajitambulisha.

"Shikamoo, mama," ikaitikia sauti ya kijana. Alikuwa Chilongani wa Dodoma, na kazi yake ilikuwa kununua majina ya tovuti yaliyokwisha muda na kuyauza.

"Marahaba, mwanangu. Hilo jina la Tuonane Tena ni letu."

"Lilikuwa lenu, mama. Lilikaa wazi, nikalinunua kihalali. Sikumwibia mtu."

"Unataka ngapi?"

"Milioni tatu."

"Nina laki nne."

"Kuna kampuni ya kubeti inanipa milioni nne. Watu wameshaizoea anwani hii, wataingia wenyewe. Nyinyi nimewapunguzia."

Nyanzobe alitaka kukata tamaa, lakini lile neno la mwisho likamkaa moyoni. Miaka thelathini na tano alikuwa amewasikiliza watoto wakijieleza, akajua mtu anapoficha kitu kizuri kama anavyojua anapoficha kibaya.

"Kwa nini umetupunguzia?" akauliza.

Chilongani akaanza kusimulia.

"Nilipolinunua nilifungua sanduku la barua pepe, nione watu wangapi bado wanaandika. Wanunuzi huuliza. Zikaja barua thelathini na nane. Mwanzoni nilizihesabu tu. Halafu mama mmoja wa Mpanda akaandika anamtafuta dada yake, mwenye kovu la moto kwenye kiganja cha kushoto. Nikakumbuka barua ya wiki iliyotangulia, ya Singida. Huyo naye aliandika, mimi ndiye niliyepotea, nina kovu la moto kiganjani. Nikawapigia wote wawili. Nilijifanya mtu wenu."

"Wakaonana?"

"Walionana hapa Dodoma. Nilisimama kando nikawatazama. Mmoja alishika mkono wa mwenzake, akaufungua, akautazama. Kesho yake ile kampuni ikapiga kutaka jibu. Nikawaambia wasubiri. Wanasubiri mpaka leo."

"Basi turudishie jina letu, mwanangu."

"Mama, mimi nami nakula kwa kazi hii. Nililinunua kwa kodi ya nyumba yangu. Nipeni laki tisa. Chini ya hapo nitatolewa vyombo nje."

Leokadia aliyasikia yote. Akainuka, akatoka bila kuaga. Alasiri akarudi, akasema, "Mwambie ipo."

Nyanzobe akatazama pembeni mwa duka. Pale ilipokuwa mashine ya kopi, sakafu ilikuwa safi, mraba mtupu katikati ya vumbi.

"Leokadia, utakula nini?"

"Nitachapa barua za watu. Tuma fedha, Mwalimu."

Fedha zikatumwa. Chilongani naye akatimiza neno lake siku ileile: akaiunganisha tena anwani na orodha ya Mwalimu na kumtumia Nyanzobe zile barua, moja baada ya nyingine, hakuna iliyopungua. Mwalimu alisoma, akaandika daftarini, akasoma tena. Kabla wiki haijaisha, wanne wengine walikuwa wamepata ndugu zao, na mmoja alipiga simu akicheka na kulia kwa pamoja, jina lake asiweze kulitaja.

Ikabaki fomu ya msajili, yaani kampuni inayotunza majina ya tovuti. Fomu ile ilikuwa na mstari mmoja wa jina la mmiliki, na ilitakiwa ijazwe kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Chilongani, aliyekwisha kuambiwa habari za mashine, akapiga simu.

"Msinikasirikie," akasema. "Niandikeni mimi. Laki tisa nairudisha yote, mashine ya mama Leokadia irudi dukani. Kodi nitaitafuta kwingine. Jina nitalilipia mimi, nyinyi mtalitumia bure siku zote. Kazi yangu ni kukumbuka tarehe. Mngekuwa mnazikumbuka, tusingejuana. Na zile barua ziliangukia mikononi mwangu, sikuzitupa."

Leokadia akasema, "Niandikwe mimi. Nilisahau mwaka mmoja, nakiri. Lakini miaka tisa nani alikumbuka? Na mashine nimeiuza bila kuambiwa na mtu. Wewe, kijana, una moyo mzuri, ila kodi itakubana tena siku nyingine, na wale wa kubeti bado wanasubiri."

Wote wawili wakamngoja Mwalimu. Nyanzobe hakuwa amefikiria kudai chochote. Lakini daftari lilikuwa mapajani pake, na alipolifunua aliona mwandiko wake tangu ukurasa wa kwanza, akahisi kwamba naye ana la kusema.

"Watu hawa walinisimulia mimi mambo ambayo hawajawaambia hata wenzi wao," akasema polepole. "Siwezi kuwauza, na siwezi kuwaambia kesho. Kwa hiyo niandikwe mimi. Ila nina miaka sabini na miwili, na neno la siri silikumbuka mpaka niliandike ukutani."

Chilongani akacheka kule Dodoma. Leokadia akacheka huku Kasulu. Nyanzobe naye akacheka, kisha akaikunjua fomu mezani, akashika kalamu, akaishikilia juu ya ule mstari. Alimtazama Leokadia, akaitazama simu. Wakati huo ikaingia barua mpya, ya mtu wa Urambo anayemtafuta shangazi yake, na Leokadia akaanza kuisoma kwa sauti.

Ijumaa ni kesho, ndugu zangu. Mmoja alikusanya watu, mmoja alilipa miaka yote isipokuwa mwaka mmoja, kisha akauza mashine yake, mmoja alilikuta jina njiani asiliuze kwa bei kubwa. Mstari ni mmoja. Kalamu hii nawapa nyinyi mliosikia: aandikwe nani? Je, nani alistahili?