Kwa Nini Mama Huinama Akimwimbia Mwana

Zamani hizo, nyimbo zikiwa za harusi, mavuno na kazi tu, hapakuwa na mama aliyemwimbia mtoto mchanga. Amwimbie nini, naye hata jina lake halijui? Mtoto alinyonyeshwa, akanyamazishwa, na maneno akaachwa ayaokote mwenyewe.

Mbodze alikuwa manju wa kijiji. Sauti yake ilialikwa hata ng'ambo ya mto, naye aliitunza kama mbegu ya msimu ujao. Nyumbani alikuwa bubu. Mwanawe Kadzo akilia, alimpeleka kwa jirani yake Sidi, aliyeshinda akisaga mtama huku akiimba kwa sauti ya kukwaruza. Sidi alimfunga mtoto mgongoni, akaendelea kusaga na kuimba.

"Huyo naye na sauti yake ya chura," Mbodze alicheka.

Ilikuwa desturi mtoto kusimamishwa mbele ya wazee amtaje mama yake. Aliyetajwa ndiye aliyepewa mtoto kumlea. Siku ya Kadzo, Mbodze alikuja na shanga shingo nzima.

"Mjukuu wangu, mama yako yuko wapi?" Mzee Ngala akauliza.

Kadzo akaimba, "Saga mama saga, mwana ale ashibe." Akampita Mbodze na shanga zake, akamkumbatia Sidi miguuni. "Mama," akasema.

Mbodze alitamani ardhi ipasuke immeze. Sidi naye hakujua aangalie wapi. "Sikumfundisha, dada. Nilikuwa nasaga tu."

Wazee walimwonea Mbodze huruma. Wakasema mtoto ataulizwa tena baada ya mavuno.

Kesho yake Mbodze alikwenda kwa Sidi, akamwomba amfundishe ule wimbo. Manju mzima! Akamfunga Kadzo mgongoni, akashika jiwe. Sauti ilimkwama kwa haya, ikatoka nyembamba, kichwa ameinamisha asionwe na wapita njia. Mtoto akasikiliza. Siku nyingi baadaye, akaanza kumwitikia.

Mavuno yalipokwisha, Kadzo alimtaja yeye. Watu walipiga vigelegele, lakini Mbodze hakuweza kuinua uso, maana Sidi alikuwa amesimama palepale, mikono mitupu.

Na tangu siku hiyo mtoto huimbiwa kabla hajajua neno hata moja, ndipo maneno yanapompata. Na mama, hata awe manju, humwimbia kwa sauti ya chini, ameinama. Watu husema ni mapenzi. Ni mapenzi, ndiyo, ila yalianza kwa aibu.