Bi Kindi na Majiko Matatu ya Harusi

Hapo zamani za kale (nyie wa nyuma mnanisikia? Haya!), hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao na kualikana harusi, Twiga alimwoza binti yake.

Harusi kubwa, jamani! Wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wameshaonekana kilimani. Vumbi tifu, tifu! Ngoma ndu, ndu, ndu! Na huku uani, badala ya kupika, wapishi walikuwa wanapigana.

Wapishi wenyewe walikuwa watatu: Tembo, Nyati na Kiboko. Walichaguliwa kwa nguvu zao, maana sufuria ya harusi haibebwi na kila mtu. Lakini jiko lilikuwa moja. Kinu kimoja. Kisu kimoja. Chungu cha chumvi kimoja.

"Nipe mchi!" Nyati alifoka.

"Subiri!" akasema Tembo, twa! twa! anatwanga saumu.

"Nimesubiri tangu jogoo alipowika!"

Kiboko aliona wenzake wameshughulika, akatia chumvi kwenye wali. Akaenda zake. Tembo akaja, hajui kama imeshatiwa, naye akatia. Nyati akaja, naye akatia yake. Kuonja tu...

"Ptuuu! Nani katia chumvi?"

"Mimi!" "Mimi!" "Na mimi!"

Wali ukamwagwa. Wakaanza upya, na ugomvi nao ukaanza upya.

"Leteni mbuzi!" Kiboko akanguruma. Alitaka mbuzi ya kukunia nazi, si mbuzi mwingine. Lakini Mbuzi mwenyewe, aliyekuwa akifagia langoni, alitupa ufagio.

"Meee! Mie nimealikwa tu!" Mbio! Hakuonekana tena mpaka jioni.

Mama Twiga alishika kichwa. Wageni wanakaribia, jungu halijainjikwa. Aibu gani hii? Watu huvunja ndoa kwa madogo kuliko hayo.

Ndipo akaja Bi Kindi. Huyu Bi Kindi ndiye aliyetunza ghala la vyombo vya mji, vile vyombo ambavyo kila mwenye shughuli huenda kuazima. Alikuwa mdogo, mkia wake ulimzidi yeye mwenyewe. Akaruka, pyuu! akasimama juu ya ukuta.

"Shikamooni, wakubwa zangu."

"Marahaba," wakaitikia, huku bado wameshikana mashati.

"Mkiendelea hivi wageni watakula ngumi. Sikilizeni. Nitampa kila mmoja jiko lake. Kinu chake, kisu chake, mbuzi yake, chumvi yake. Vyote nitavipanga sawasawa: kinu kushoto, maji kulia, chumvi mbele. Mimi nitakaa hapa juu. Nikisema 'Chumvi!' kila mmoja anyooshe mkono mbele, atie kwenye sufuria yake. Jiko la mwenzake halimhusu."

Tembo akaachia shati la Nyati. "Maneno hayo!"

"Lakini nawaazima, siwapi. Harusi ikiisha, vyote vinarudi ghalani."

"Vitarudi!" wakasema wote.

Basi, kukuru kakara! Vyombo vikatolewa ghalani hadi ghala likabaki tupu. Makuti yakasimamishwa yakawa kuta, mpishi huyu asimwone yule. Bi Kindi akapanda juu.

"Vitunguu!" Twa-twa-twa, majiko yote.

"Nazi!" Kwaru-kwaru-kwaru, majiko yote.

"Chumvi! Moja tu!" Hakuna aliyemgusa mwenzake, hakuna aliyeuliza mchi uko wapi. Wageni walipofika langoni, wali ulikuwa unanukia mpaka barabarani. Wakala, wakacheza, vigelegele vikapigwa, bibi harusi akaenda kwa mumewe.

Ilikuwa harusi nzuri. Tatizo lilikuja asubuhi.

Asubuhi Bi Kindi alifungua mlango wa ghala, akakaa kizingitini kungojea vyombo. Akangoja. Kimya. Badala ya wapishi akamwona Kanga anakuja mbio, vifaranga wanamfuata nyuma, piyo-piyo-piyo.

"Hodi, dada! Nimekuja kuazima vyombo. Leo nawapa wanangu majina."

"Hongera, shoga yangu! Lakini ghala jeupe, vyombo havijarudi."

Kanga akakaa chini pu! kama aliyekatwa miguu. "Dada, unajua mwaka jana nyoka alikula mayai yangu yote. Sikubaki na hata moja. Mwaka huu wametoka wazima. Nimealika ukoo wangu wote, wako njiani, nami sina hata sufuria ya uji. Waje waone nini?"

"Ningoje hapa," akasema Bi Kindi. "Nakwenda kuvifuata."

Akaenda kwa Kiboko. Alimkuta amelala ndani ya sufuria kubwa, miguu inaning'inia nje.

"Bwana Kiboko, harusi imeisha."

"Imeisha kwenu. Mimi bado napika."

"Unapika nini?"

"Najipika mwenyewe," akasema Kiboko, akafumba macho. "Usichochee moto, maji haya yananitosha."

Akaenda kwa Nyati. Nyati alikuwa amekalia kinu kama kiti.

"Vyombo? Njoo uvichukue, basi! Njoo uninyanyue!" Akacheka mpaka kinu kikatikisika.

Akaenda kwa Tembo, akidhani mzee atakuwa na utu.

"Mjukuu wangu," akasema Tembo taratibu, "nimeshapazoea hapa. Kinu kushoto, maji kulia. Nitakwenda wapi tena?"

Bi Kindi alijaribu kuvuta sufuria moja. Haikusogea hata kidogo. Akarudi ameinamisha kichwa. Roho ilimuuma, kwa kuwa mji mzima ulikuwa umemwamini na ghala lile. Alipomwona Kanga anawapangusa vifaranga vumbi ili wapendeze mbele ya wageni, alisimama. Akageuka, akayatazama majiko matatu. Makuti huku, makuti kule. Tembo hamwoni Nyati. Nyati hamwoni Kiboko.

"Ahaa!" akasema. Mkia ukasimama wima.

Akaruka kwa Tembo, akamnong'oneza sikioni. Na sikio la Tembo mnalijua, ilibidi aingie ndani kabisa!

"Babu, ssss! Kuna mahali pakubwa kuliko hapa. Hapana ukuta. Maji hayaishi. Ukijinyoosha hugusi kitu. Nampa atakayerudisha vyombo vyote, hata mwiko usibaki."

"Pakubwa kuliko pa Nyati?"

"Pa Nyati ni kichuguu tu! Lakini usimwambie mtu."

"Mimi? Nimwambie nani?" Tembo akaanza kukusanya sufuria.

Akaruka kwa Nyati, akamwambia hayo hayo.

"Pakubwa kuliko pa Tembo?" Nyati aliuliza, macho yamemtoka.

"Tembo angepaona angelia!"

Akaruka kwa Kiboko. Kiboko alifungua jicho moja. "Maji yapo?"

"Mengi. Hayahitaji hata sufuria."

Kiboko akatoka ndani ya sufuria, chubwi!

Mngewaona, mngecheka! Tembo ananyata, ardhi inatetemeka, ndi, ndi! Anadhani hasikiki. Akaviingiza vyombo vyake dirishani, Bi Kindi akivihesabu. "Vimetimia, babu. Kangoje nyuma ya ghala, fumba macho." Akaja Kiboko, ameikumbatia sufuria. "Vimetimia. Kangoje upande wa kulia, fumba macho."

Akaja Nyati. Bi Kindi akatazama kimoja kimoja. "Mwiko uko wapi?"

"Mwiko? Mwiko gani?"

"Mwiko wa mpini mrefu. Kikikosekana kimoja ni kama hujarudisha kitu. Basi, nampa mwingine..."

"Ngoja!" Nyati alikimbia, puu-puu-puu! akarudi na mwiko. Kumbe aliuficha makutini awe anajikunia mgongo.

"Sasa vimetimia. Kangoje upande wa kushoto, fumba macho."

Bi Kindi akafunga dirisha. Akafunga mlango, kacha! Akapanda juu ya paa.

"Haya, njooni mbele mchukue pahali penu!"

Wakaja mbio, huyu huku, huyu kule. Gubu! Vichwa vikagongana.

"Wewe unatafuta nini hapa?"

"Na wewe?"

"Bi Kindi!" akapiga kelele Nyati. "Pangu ni wapi?"

"Geukeni."

Wakageuka. Mbele yao ilitandaa mbuga, majani yanainama kwa upepo, mto unameremeta, na mbingu haina mwisho.

"Hapana ukuta," akasema Bi Kindi. "Maji hayaishi. Mkijinyoosha hamgusi kitu. Nimewadanganya wapi?"

Kiboko akautazama mto, akaanza kucheka. Tumbo likatikisika, Tembo naye akashikwa na kicheko mpaka machozi. Nyati alinuna kidogo.

"Lakini hapa palikuwa petu siku zote!"

"Sasa mlikuwa mnajibana kwenye makuti kwa nini?"

Nyati akafikiri. Halafu naye akacheka, hakuweza kujizuia.

Kanga akapewa vyombo vyake. Tembo alimchotea maji, Nyati akamletea kuni, na Kiboko, kwa aibu, akaisugua ile sufuria kwa mchanga mpaka harufu yake ikatoka. Uji ukaiva. Ukoo wa Kanga ukafika, kra-kra-kra! Kila kifaranga akanyanyuliwa juu, akatajwa jina lake, na kila jina lilipotajwa Kanga alipiga kigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Walipokwisha kula, kabla hata hajajifuta mdomo, Kanga aliviosha vyombo vyote akavipeleka ghalani.

Wanangu, cha kuazima ni chako wakati wa kazi. Kazi ikiisha, kirudishe, na mwingine apikie wanawe.