Fundi Kesho na Vipande vya Mlima

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Maana yake si ngumu: anayevamia vingi kwa mkupuo mmoja huviharibu vyote, na kile alichokitamani kuliko vyote ndicho kinachomponyoka. Watu wengi huitamka methali hii mdomo ukiwa umejaa, kisha wakaendelea kuujaza. Mmojawapo alikuwa fundi cherehani mmoja ambaye Mungu alimpa mikono ya dhahabu na ulimi wa asali. Kwa mikono alishona suruali ikamkaa mtu kama ngozi yake mwenyewe. Kwa ulimi alimwambia mwenye suruali, "Njoo kesho." Kesho ile ilizaa kesho nyingine, ikapata na wajukuu, hata mtaa mzima ukamwita Fundi Kesho, naye akaitika.

Chumba chake cha mbele kilikuwa kimefurika vitambaa hadi dirishani. Fundi Kesho hakuwahi kumrudisha mteja, maana mteja aliyerudishwa angekwenda kwa fundi mwingine. Tena alikuwa na ujanja wake. Kila kitambaa kilichoingia alikikata mara moja na kukipiga bandi, yaani kukishikiza kwa mshono wa muda, mahali pamoja: hiki mkono, kile kola, kingine mguu mmoja wa suruali. Mwenye kitambaa akija juu, anaonyeshwa kwamba kazi imeanza. Nani atakwenda kwa fundi mwingine na nguo yenye mkono mmoja?

Mkewe aliitwa Mama Vifungo kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutia vifungo na kupiga pasi. Lakini nguo isiyo na upande wa pili haitiwi kifungo, basi mama wa watu akabaki mlangoni akitia uongo.

"Mume wangu amekwenda msibani," alimwambia mteja mmoja.

"Mwaka huu mumeo amezika watu wengi," mteja akajibu. "Nashangaa tuliobaki ni akina nani."

Mama Vifungo akaingia ndani na kumkuta mzikaji huyo akinywa chai nyuma ya rundo la vitambaa. Alimtazama tu. Maneno alikuwa ameyamaliza miaka mingi iliyopita, akawa anaishi kwa masazo.

Sasa, juu ya mtaa huo palikuwa na mlima, na ubavuni mwa mlima palikuwa na nyumba ya mama yake Mama Vifungo, bibi kizee mwenye meno machache na maneno mengi. Mvua za mwaka uliotangulia zilipasua ardhi nyuma ya jiko lake, ukabaki ufa mpana wa kumeza kuku. Wanawe wakamsihi ahame.

"Naambiwa nihame tangu nina meno yote," bibi alisema. "Siondoki kwa hofu ya mtu. Nileteeni ushahidi."

Ndani ya nyumba hiyo mlikuwa na cherehani ya mkono, ya chuma, nzito kama dhambi, iliyoweza kushona ngozi bila kulalamika. Fundi Kesho aliimezea mate tangu siku ya posa. Wako waliosema kwamba aliposa cherehani, binti akapewa kama nyongeza. Bibi alimwahidi waziwazi, "Mkwe, siku nitakayohama, hii ni yako. Kabla ya hapo usiiguse hata kwa macho."

Fundi Kesho na Mama Vifungo walikuwa na binti, mtafiti wa udongo katika chuo. Binti huyu ndiye aliyejitwika kazi ya kutafuta ushahidi aliodai bibi yake. Alitaka kukokotoa mlima utaporomokea wapi mvua zikirudi. Chuo hakikuwa na kompyuta kubwa ya kuibeba hesabu hiyo, kwa hiyo akawaomba watu wajitolee kuazima kompyuta zao. Mlima mzima akaukatakata katika hesabu ndogondogo, akaziita vipande. Kompyuta ya mtu hupokea kipande kupitia mtandao, hukikokotoa, hukirudisha chuoni, kisha huchukua kingine. Vipande vyote vikirudi, huungwa kama nguo, ramani ikatoka, na kila mwenye nyumba akajua kama ahame au alale.

"Shida yangu ni moja tu, ramani itoke kabla ya mvua," binti aliwaambia wazazi wake.

Kila aliyerudisha kipande alipewa alama, na majina ya wenye alama nyingi yalipangwa kwenye ubao wa mtandaoni ambao kila mtu aliweza kuuona. Hapo ndipo shetani alipopata kiti cha kukalia.

Ng'ambo ya barabara, kaka yake Mama Vifungo alikuwa kinyozi. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ya kuwapigia wateja muziki. Aliitega ichukue kipande kimoja, na kimoja tu cha kusubiri. Fundi Kesho alikuwa na kompyuta mpya aliyoinunua kwa ajili ya kuchora mitindo. Akajisajili kwa siri kwa jina la Mfalme wa Vipande, akimwambia mkewe kwamba siku atakapokaa juu ya ubao ule ndipo atakapomfunulia binti yake.

"Wanauliza foleni yangu iwe na kazi ya siku ngapi," alimwambia mkewe, kidole kikiwa kimekwishaelekea kwenye jibu. "Naweka kumi. Isingekataa zaidi ya kumi, ningeweka mwaka."

"Za nini zote hizo, baba watoto? Si umalize hiki ndipo uchukue kile?"

"Hujui biashara wewe. Nikivikamata vyote, shemeji atabaki anakokotoa nywele."

"Hivi wewe hushona vitambaa vya watu au huvifunga jela?"

Kinyozi mwenyewe alipovuka barabara kuja kusalimia, kitana kikiwa kimechomekwa nyuma ya sikio, akaiona foleni ya shemeji yake imejaa kioo kizima. Akacheka hadi akashika ukuta.

"Shemeji, una raha wewe. Mimi siwezi kunyoa vichwa kumi nusunusu. Wangenipiga."

"Kalale na kichwa chako kimoja," Fundi Kesho akamjibu.

Mwanzoni mambo yalimnyookea. Vipande vya kwanza vilikuwa vya bondeni, vifupi, kimoja kikiisha kabla chai haijapoa. Mfalme wa Vipande akapanda ubaoni kama moshi. Kompyuta ikazoea kwamba vipande vyote ni vya namna hiyo, ikaomba vingi vya kuijaza foleni pomoni. Baadaye zamu ikafika ya vipande vya ubavuni, mahali ambapo mawe, udongo na maji hugombana, na kila kimoja kilitaka mchana na usiku mzima. Binti alisahau kuutahadharisha mtambo wa chuoni unaogawa kazi kwamba vipande vimerefuka. Foleni iliyopimwa kwa kipimo cha bondeni ikawa ni ya mlimani, na kazi ya siku kumi ikavimba ikawa ya miezi. Yule kinyozi hakuhisi kitu, maana kipande kimoja hata kikirefuka hubaki kimoja. Lakini kompyuta ya Fundi Kesho ilianza kuhema kama punda apandaye mlima huohuo.

Mtu mwingine angeviachia vilivyomzidi, na njia ya kuviachia ilikuwepo palepale kwenye kioo. Fundi Kesho alifanya alichozoea. Alikianza kipande, akakisimamisha njiani, akaanza cha pili, akakiacha, akaparamia cha tatu, ili kila kimoja kionekane kimeguswa. Asubuhi moja Mama Vifungo alisogeza uso karibu na kioo akasoma: asilimia arobaini, sitini, hamsini na tano, tisini. Hapakuwa na mia hata ya dawa. Mama wa watu akahisi anatazama chumba chake cha mbele.

"Umevipiga bandi," alisema polepole. "Na hivi navyo umevipiga bandi!"

"Vinaendelea vizuri, mama watoto. Kesho vitaanza kuiva."

Mama Vifungo akachukua pasi. Akaitazama pasi, akamtazama mumewe, kisha akairudisha mezani kwa uangalifu mkubwa.

Siku chache baadaye, wingu zito likiwa limekaa juu ya mlima kama kuku anayetaka kutaga, simu ya Mama Vifungo ililia. Alikuwa binti, sauti imemkauka.

"Mama, ramani nzima iko tayari, imebaki tundu moja tu. Na hilo tundu liko juu ya nyumba ya bibi."

Mama Vifungo akakaa juu ya rundo la suruali. "Vipande hivyo si uwape watu wengine?"

"Watu walilalamika kwamba vya mlimani ni virefu, nikawaongezea muda wa kurudisha. Mpaka muda huo uishe, au aliyevichukua aviachie mwenyewe, mtambo unaamini bado anavifanya. Karibu vyote anavyo mtu mmoja. Nimemwandikia mara chungu nzima, hajibu. Anajiita Mfalme wa Vipande. Mama, nikimpata huyo mtu nitamnyonga kwa tepu ya baba!"

Fundi Kesho, ambaye ujumbe ule aliuona na hakuufungua, kama vile alivyosikia hodi za wateja na kutoitika, ghafla alianza kutafuta mkasi chini ya meza. Mkasi ulikuwa shingoni mwake, unaning'inia kwa uzi.

"Mwanangu," Mama Vifungo akasema, "huyo mtu hayuko mbali, na tepu anayo. Ngoja nikupe uongee naye."

Fundi Kesho akaipokea simu kana kwamba ni kaa la moto.

"Mwanangu... mimi... vyote viko nusu, usidhani nimekaa bure. Kimoja kimefika tisini! Niachie kidogo tu. Nipe hadi kesho."

Mama Vifungo akasogeza sikio karibu na simu.

"Baba," binti akasema kwa sauti ndogo, "hata mimi unaniambia kesho?"

Fundi Kesho alikuwa ameshatukanwa na mtaa mzima, na matusi yote yalimteleza kama maji kwenye jani la mgomba. Maneno haya hayakuteleza. Aliketi mbele ya kompyuta, akaanza kuviachia vipande kimoja baada ya kingine, kama anayefumua mshono wake mwenyewe. Alipofika kwenye kile cha tisini, akasita.

"Nusu haihesabiwi, baba," binti akasema, kama aliyemwona. "Wala tisini. Kinachohesabiwa ni kilichorudi. Hicho kimalize, vingine achia."

Vipande vikatawanyika kwa watu wa kujitolea, kila mmoja akaanza cha kwake upya. Kesho yake jioni, cha mwisho kurudi kilitoka kwenye ile kompyuta kuukuu ya kinyozi. Tundu likazibika, ramani ikatoka, na nyumba ya bibi ilikuwa ndani ya rangi nyekundu, rangi ya kuhama. Mvua nayo ilikuwa imekwisha kuanza.

Walipanda mlima mbio, Mama Vifungo, mumewe na kaka yake, matope yakiwala viatu. Wakamkuta bibi ameketi kitandani, miguu juu, maji yakipita chini yake.

"Ushahidi umefika?" aliuliza.

"Umefika, mama," Fundi Kesho akajibu, akihema.

"Umechelewa kama suruali ya marehemu mume wangu. Bado unayo, mkwe?"

"Imebaki mguu mmoja, mama."

"Basi Mungu na amvumilie huko aliko."

Kinyozi akambeba mama yake mgongoni. Fundi Kesho hakutoka. Alikuwa ameikumbatia ile cherehani ya chuma, kwapani amebana godoro, na meno yakiwa yameuma mpini wa sufuria. Akajaribu kunyanyuka, akashindwa. Akaliachia godoro, akajaribu tena, cherehani ikagoma. Nyuma ya jiko kitu kikanguruma. Mama Vifungo akamshika kola ya shati.

"Toka!"

"Lakini ni yangu! Amehama, imekuwa yangu!"

Kutoka mgongoni mwa mwanawe, katikati ya mvua, bibi akageuza shingo.

"Iache, mkwe," alisema kwa upole wa kutisha. "Utaichukua kesho."

Kulipokucha, mahali palipokuwa na nyumba palikuwa na udongo mwekundu, laini, umetulia kama uliokuwepo siku zote. Kama ramani ingetoka siku chache nyuma, kabla mvua haijaanza, wangehamisha hata vijiko. Fundi Kesho alichimba hadi malengelenge yakampasuka, akapata gurudumu la cherehani, basi.

Bibi alihamia kwao. Chumba cha kumlaza kilikuwa kile cha mbele, kwa hiyo vitambaa ilibidi vipungue, na njia ya kuvipunguza ilikuwa moja tu, kuvimaliza. Fundi Kesho alianza na ule mguu wa pili wa suruali ya marehemu. Mama Vifungo akatia kifungo, mkono ukishangaa kidogo. Nao mtambo wa chuoni, ambao hausahau wala hauna haya, uliacha kumpa foleni. Ulimpa kipande kimoja, na mpaka kirudi hakuna cha pili. Jina la Mfalme wa Vipande likashuka ubaoni mpaka likawa chini ya kinyozi, chini hata ya watu wasiojulikana.

Gurudumu lile lilitundikwa ukutani. Kila jioni bibi hulizungusha kwa kidole, kisha humgeukia fundi.

"Leo umemaliza ngapi, mkwe?"

"Moja, mama."

"Imeisha kabisa, au ina mkono mmoja?"

"Imeisha, mama. Ina na vifungo."

Siku moja mgeni alipouliza lile gurudumu ni la nini, Fundi Kesho aliinamia mshono wake. Mama Vifungo ndiye aliyemjibu, bila kuondoa macho kwenye sindano yake: "Hiyo ndiyo tamu yenyewe. Mwenye pupa hakudiriki kuila."