Mlango wa Kijani

Mtu mmoja alikuwa na kibuyu cha mbegu alichoachiwa na mkewe. Mtu huyo aliitwa Senkondo, fundi cherehani wa kijiji cha milimani, na mkewe aliitwa Nakiete. Nakiete alipofariki hakuacha ng'ombe wala shamba kubwa. Aliacha maharage yenye madoa kama manyoya ya kanga, mbegu ya mama yake na ya bibi yake, akiwa ameyachanganya na majivu makavu na kuziba mdomo wa kibuyu kwa samadi. Siku za uhai wake, mumewe alipotaka kuwatolea wageni wayaone, alimzuia. "Ya kula waonyeshe, Baba Anzia," alimwambia. "Mbegu tumepewa tuifiche."

Msiba ulipokwisha na watu kurudi makwao, nyumba ilinyamaza. Senkondo aliyatoa maharage machache, akakiziba kibuyu tena, akayapanda nyuma ya nyumba, na yalipoota akasikia moyo wake nao unainuka kidogo. Akayapiga picha kwa simu. Binti yake Anzia, aliyefanya kazi mjini, akamfungulia tovuti ndogo, apate mahali pa kuyasimulia. Hakuuza kitu. Aliandika tu jinsi maharage ya kienyeji yanavyopandwa, na kila aliyetaka mbegu alimwandikia jina lake, namba yake ya simu na mahali anapokaa. Senkondo alimfungia konzi moja ya mbegu za kawaida, nyekundu au za njano, na kuipeleka kwenye basi.

Basi, furaha ikamwingia kama mvua ya kwanza. Watu walimwandikia kutoka Songea, kutoka Bukoba, kutoka mahali ambapo hajawahi hata kupaota. Mmoja alisema maharage yake yameota. Mwingine alisema watoto wamekula na kuramba sufuria. Senkondo aliacha suruali ya mtu kwenye cherehani ikiwa na mguu mmoja, akasoma ujumbe kwa sauti pale barazani.

"Fundi, maharage yako yanapanda basi kukuzidi wewe," alisema Mrutu muuza nyama, ambaye suruali ilikuwa yake. "Yamefika Songea. Mimi nitafika kanisani nimevaa nini?"

"Utavaa kanga ya mkeo, shemeji," alijibu Senkondo, na baraza zima likacheka. Tangu mazishi hawakuwa wamemsikia akitania.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Kanisani kwao kulikuwa na desturi. Kila aliyeleta sadaka ya shamba, jina lake lilitangazwa mbele ya watu pamoja na kile alichokileta: fulani wa bondeni, mkungu wa ndizi, fulani wa kule juu, debe la mahindi. Na akina mama walipiga vigelegele. Senkondo aliketi kwenye benchi akitetemeka kwa wazo jema. Alijiambia kwamba wasomaji wake nao wamevuna, na hakuna aliyewapigia kigelegele hata kimoja. Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Kabla hajavua koti la ibada aliwatangaza wote kwenye tovuti yake, kila mtu na jina lake, namba yake, mahali anapokaa na maharage aliyoyapata. Alitangaza kwa moyo mweupe kabisa.

Miongoni mwao alikuwa mama mmoja aitwaye Tupokigwe. Yeye peke yake ndiye aliyepewa yale maharage ya madoa, kwa sababu alikuwa ameandika kwamba naye amefiwa na mwenzake. Senkondo alimweleza jinsi Nakiete alivyoyahifadhi kwa majivu na samadi, akamsihi abakize machache, asiyapande yote. Ili kifurushi kisipotee, alikuwa ameeleza vizuri anapokaa. Senkondo akamwandika hivi: "Mama Tupokigwe, shujaa wetu, yupo nyuma ya kiwanda cha chai, nyumba yenye mlango wa kijani, yeye na watoto wake wawili. Maharage yake yametoa maua."

Asubuhi yake simu haikupumzika. Watu walipiga, watu walisifu. Mwanamume mmoja alimsifu kuliko wote, akauliza kama yule mama wa kwenye chai bado yupo pale pale.

"Yupo, bwana!" alisema Senkondo. "Mlango wa kijani, huwezi kupotea!"

Furaha ikamzidi. Alikwenda ndani, akakitoa kibuyu cha Nakiete, akabandua ile samadi, akamwaga mbegu zote juu ya jamvi uani, pamoja na zile alizovuna nyuma ya nyumba. Alipepeta majivu mpaka madoa yakang'aa juani. Alitaka picha ya kuweka mwanzo kabisa wa tovuti, dunia nzima ione. Hapo simu ikaita tena. Mtandao ulikuwa ukishika upande wa pili wa nyumba, akauzunguka ukuta akicheka, tayari kupokea sifa nyingine.

Alikuwa Tupokigwe, na hakumsifu. Alisema polepole, kama mtu anayebeba mtungi uliojaa.

"Baba, niliomba mbegu. Sikuomba kutangazwa."

Kisha akamweleza. Mumewe alipokufa, ndugu za marehemu walitwaa nyumba na shamba, wakataka na watoto. Alitoroka nao. Huko kwenye chai hapakuwa na mtu aliyejua alikotoka, na jina lake kamili alikuwa hajamwandikia mtu yeyote, isipokuwa mzee mmoja mpenda maharage. Sasa jirani wa kule kwao alikuwa ameliona jina lake kwenye simu ya mtu, na mlango wake umeelezwa rangi.

Senkondo akamkumbuka yule mwanamume wa asubuhi. Angeweza kunyamaza. Aibu ilimshauri anyamaze, aombe radhi, akate simu. Lakini alimkumbuka Nakiete, akasema: "Mwanangu, kuna mtu amenipigia, nami nimemwambia upo. Toka sasa hivi. Usingoje kitu."

"Na maua ndiyo kwanza yamefunguka, Baba," alisema yule mama, na simu ikakatika.

Senkondo alirudi uani. Kuku walikuwa juu ya jamvi. Kuku wake, kuku wa Mrutu, na jogoo ambaye hakumjua mwenyewe, walikuwa wamemaliza. Alisimama na simu mkononi, akayatazama majivu yaliyopeperuka na jamvi tupu. Hakuwafukuza. Kuku hana kosa. Kuku hufuata kilichoanikwa.

Ndipo mikono yake ikafanya kazi kuliko ilivyowahi kufanya kwenye cherehani. Alipanda kilimani, mtandao unaposhika barabara, akayafuta majina yote, na namba zote, na milango yote. Alimpigia kila msomaji, mmoja baada ya mwingine, akamwambia alichokifanya. Wengine walimcheka, wakasema, sisi hatuna cha kuficha, mzee, turudishe. Wengine walimkaripia. Akapokea yote. Mwisho kabisa alizifuta namba hizo hata kwenye simu yake, na ya Tupokigwe pamoja nazo, asiweze kumtafuta hata akitaka.

Akiwa bado kilimani, akapiga yule mwanamume wa asubuhi, kwa hasira. "Mzee, umetudanganya! Mlango tumeukuta wazi, jiko bado lina moto, na ndani hamna mtu!"

Senkondo aliishusha simu sikioni. Alipiga magoti pale pale kwenye mawe, simu ingali inafoka mkononi, akamshukuru Mungu kwa ajili ya nyumba tupu. Aliteremka akiimba. Watu njiani walidhani ameshinda kitu.

Tangu hapo tovuti yake iliendelea, lakini kwa namna nyingine. Aliyetaka mbegu alijichagulia jina lolote, hata jina la ndege, na kifurushi kilimngoja ofisi ya mabasi. Kikichukuliwa, Senkondo alifuta jina hilo siku hiyohiyo. Alituma mbegu nyingine alizokuwa nazo, nyekundu na za njano. Zile za madoa hakuwa nazo tena. Kibuyu cha Nakiete alikirudisha mahali pake kikiwa na majivu tu, akakiziba vilevile. Mrutu alimuuliza kwa nini anaziba kitu kitupu. Alisema anajifunza.

Mvua zikapita, jua likapita, mavuno mengine yakakaribia. Siku moja dereva wa basi alisimama mbele ya baraza, akamkabidhi kopo la maziwa ya unga. Halikuwa na jina la aliyelituma. Mdomo wake ulizibwa kwa samadi kavu. Senkondo aliuweka mkasi chini. Alibandua taratibu, akatia vidole ndani, akakuta majivu laini, na ndani ya majivu akakuta kitu kigumu, na kingine, na kingine. Alikitoa kimoja, akakifuta kwenye shati la mteja. Madoa ya kanga.

Mzee yule alipiga kigelegele. Alikipiga vibaya, kama mwanamume, kikakwaruza, akakipiga tena. Wanawake wakatoka majikoni. Mrutu akaja mbio na kisu cha nyama mkononi akidhani ni moto.

"Nani kakuletea, fundi? Tuambie basi tumshangilie!"

Machozi yalikuwa yakimtiririka na meno yote yako nje. Alilifunika kopo kwa kiganja chake. "Shangilieni tu," alisema. "Jina lake Mungu analo."

Wakashangilia, bila kumjua wanayemshangilia. Senkondo alilipeleka kopo ndani, akakibandua kibuyu cha Nakiete, akazirudisha mbegu katika majivu yale yaliyokuwa yakizingoja.

Nawe, ambaye mtu alikwambia mlango wake ulipo ili umpelekee mbegu: je, umeutia majivuni, au umeuanika mbele ya kuku?