Kasri Lililopewa Kazi ya Yaya

Kabla hujakodi kasri la kurukia kwa ajili ya sherehe ya mwanao, tulia kidogo usome kisa hiki. Si kirefu.

Palikuwa na bibi mmoja, jina lake Ndeshi, aliyeishi katika mji mdogo chini ya mlima. Mwaka ule alikuwa amemzika binti yake wa pili, na tangu siku ile alikuwa amechoka. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyetwishwa mzigo akaambiwa asiutue mpaka afike, bila kuambiwa ni wapi.

Binti yule aliacha mume, Anaeli, na mtoto mmoja wa kike, Aika. Anaeli alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya msiba. Baada ya msiba alizidi kunyamaza. Waliokwenda kumjulia hali walirudi wakisema nyumba ni safi, mtoto anakula, shule anakwenda, lakini baba mwenyewe hacheki.

"Mtu asiyecheka atamleaje mtoto wa kike?" alisema Helieth, binti mkubwa wa Bibi Ndeshi. "Nywele atamsuka nani? Akikua, ya kike atamwambia nani? Mama, mdogo wangu tumempoteza. Tusimpoteze na mwanawe. Nipeni mimi Aika."

Ndugu wengi waliona Helieth anasema kweli. Ikapangwa hivi: siku ya kuzaliwa ya Aika ifanyiwe sherehe nyumbani kwa bibi yake, ndugu wote waje, na keki ikishakatwa watu wazima waingie sebuleni wakae kikao. Anaeli aitwe aseme neno lake. Kisha Bibi Ndeshi, aliye mkubwa wa wote, aamue kama mtoto atabaki kwa baba yake au atakwenda kwa mama yake mkubwa.

Anaeli alipopelekewa habari hizo aliuliza swali moja tu.

"Nitasikilizwa, Mama?"

"Utasikilizwa," Bibi Ndeshi alimjibu. Lakini moyoni alikwisha kuelemea upande wa Helieth. Alitaka jambo liishe. Aliona likiisha, pengine naye atapata kulala.

Siku ikafika. Ili watoto wasisumbue kikao, Helieth alikodi kasri la kurukia, moja ya zile nyumba za turubai zinazojazwa upepo kwa mashine ya umeme. Lilikuwa la buluu na njano, lina paa na minara, likajaza nusu ya ua. Mwenye kasri alipigilia vigingi, akakaza kamba, akapitisha waya wa mashine dirishani. Mashine ikaanza kunguruma, na kasri likainuka polepole kama mtu anayeamshwa usingizini.

Mwenye kasri alikuwa na haraka ya kupeleka kasri jingine kwenye sherehe nyingine. Akasema akiwa tayari mlangoni mwa gari, "Mama, mtu mzima mmoja asibanduke hapo. Wadogo waruke peke yao, wakubwa peke yao. Upepo ukivuma sana au umeme ukikatika, wote nje."

"Sawa, sawa, tumesikia," alijibu Helieth, macho yake yako kwenye sufuria za pilau.

Keki ikakatwa. Watoto wakalishwa, wakaimba, wakakimbilia kasrini. Watu wazima wakaanza kuingia sebuleni, na hakuna aliyetaka kuchelewa, maana kikao cha ukoo ukikikosa utasimuliwa kwa chumvi. Mtu mmoja aliuliza watoto wanabaki na nani.

"Si na kasri?" alisema Elisante, kaka yake Helieth. "Leo ndilo yaya. Halichoki, halidai mshahara, halishiki simu."

Watu wakacheka, wakaketi.

Wakasali. Helieth akasema yake, akalia kidogo, akanyamaza. Ikawa zamu ya Anaeli, na kiti chake kilikuwa kitupu. Elisante akatumwa kumwita. Hakukawia kurudi.

"Amevua viatu," akasema. "Yuko mlangoni mwa kasri, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, anabishana na watoto. Anasema hawezi kuondoka."

"Umemwambia ni mama anayemwita?" aliuliza Helieth.

"Nimemwambia."

Watu wakatazamana. Muda si muda wakasikia vilio uani, kisha watoto watatu wakasimama mlangoni mwa sebule, nyuso zimevimba kwa hasira.

"Bibi, Baba Aika ametutoa! Eti sisi wakubwa tusubiri!"

"Na amemvua Doreni pini zote za nywele!"

"Tumemuuliza kama yeye ni polisi, akasema ndiyo!"

"Mnaona?" alisema Helieth. "Hata furaha ya watoto inamkera. Huyu ndiye mnataka abaki na Aika?"

Akatoka yeye mwenyewe kwenda kumwita. Aliporudi, alianza kusema kabla hajaketi.

"Sijapata kudharauliwa namna ile. Nazungumza naye, yeye anaangalia kwingine! Mimi shemeji yake, mkubwa wa marehemu, hakunitazama usoni hata mara moja."

"Amesema nini?"

"Amesema tusubiri."

"Tusubiri!" Elisante akapiga goti lake kwa kiganja. "Ukoo mzima umsubiri yeye acheze? Mama, mtu aliyeitwa mara mbili akakataa ameshajibu. Amua tumalize."

Bibi Ndeshi alifumbua mdomo aamue. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa jepesi, na hakuna ambaye angemlaumu. Ila alikumbuka kwamba alikuwa amemwahidi mtu yule, na kutimiza ahadi ndicho kitu pekee ambacho bado alikuwa na nguvu za kukifanya.

"Nilimwambia atasikilizwa," akasema. "Nitamwita mwenyewe."

Akajifunga kanga, akatoka. Kila hatua hasira ilimpanda. Alipofika kasrini alimkuta mkwewe kama alivyoelezwa, miguu mitupu, jasho likimtiririka mashavuni, amesimama mlangoni.

"Baba Aika, mimi ni wa kuitiwa mara tatu?"

"Mama, samahani. Mimi sikukataa. Nilisema... Gadi! Shuka kwenye ukuta huo! ...nilisema nitakuja. Nimeomba tu... Doreni, mngoje mwenzako ainuke kwanza. Ndiyo, hivyo hivyo. ...nimeomba tu, Mama..."

"Nazungumza nawe!"

"Nakusikia, Mama."

"Hunisikii. Unanipa kisogo, na humo ndani watu wanakuhukumu. Kama mimi bado ni mama yako, nitazame."

Anaeli aligeuka akamtazama.

Bibi Ndeshi aliyaona macho yake, na maneno aliyokuja nayo yakampotea. Yalikuwa mekundu, yamezama. Yalikuwa macho ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu na haoni sababu ya kumwambia mtu. Alikuwa ameyaona macho ya namna ile kila asubuhi, kwenye kioo chake mwenyewe.

Ndipo mashine ikanyamaza.

Kutoka sebuleni zilisikika sauti nyingi kwa pamoja, "Aaa, wamekata!" Mtu akacheka. Dirisha moja likafunguliwa, na mazungumzo yakaendelea.

Uani minara ya kasri ilianza kuinama. Watoto walipiga kelele za furaha. Waliona ni mchezo mpya. Paa likabonyea katikati, kisha kuta zikalegea.

"Wote nje! Nje!" Anaeli alikwisha kuingia. "Mama, shika turubai hapo juu ya mlango. Inua, usiliache lishuke!"

Bibi Ndeshi aliinua mikono yote miwili. Hakujua kwamba turubai ni zito kiasi kile. Lilimwelemea mabegani, likamsukuma, naye akatanua miguu akasimama. Watoto walipita chini ya mikono yake mmojammoja, Anaeli akiwasukuma kutoka nyuma. Aika alitoka amemshika mkono mtoto mdogo kuliko yeye. Kila aliyetoka aliokota viatu vyake na kukimbia pembeni, wengine wakicheka bado.

Mwishoni Anaeli akatoka, akainama akihema, akatazama chini mlangoni. Zilikuwa zimebaki ndala za mtoto mdogo, jozi moja.

"Za Jotham wa Elisante," akasema. "Alikuwa kwenye kona ile. Nilikuwa namwona. Nilikuwa namwona mpaka..."

Hakumaliza, na Bibi Ndeshi hakuhitaji amalize. Nitazame, alikuwa amemwambia. Naye akamtii.

Anaeli alirudi ndani akitambaa kwa tumbo. Kasri lilikuwa limelala karibu lote. Bibi Ndeshi, turubai likiwa shingoni mwake sasa, aliona nyayo zake tu, kisha hata nyayo hazikuonekana. Uvimbe mmoja ulikuwa unasogea chini ya turubai la buluu kuelekea pembeni. Ukasimama hapo. Bibi Ndeshi alimwomba Mungu bila maneno, maana maneno alikuwa ameyamaliza mwaka ule.

Uvimbe ukaanza kurudi.

Anaeli alitoka amemkumbatia mtoto. Jotham alikuwa amelala. Katikati ya kelele zote zile alichoka kuruka, akajilaza konani, usingizi ukampitia, na ukuta ukamfunika. Nywele zilikuwa zimelowa jasho, uso umemwiva. Alipopigwa na upepo wa nje alivuta pumzi ndefu, akaamka, akaangua kilio kikali cha mtu aliyekatishwa usingizi.

Bibi Ndeshi hakuwahi kusikia kilio kitamu kama kile. Alimchukua mtoto mikononi.

"Uliomba nini?" akamuuliza Anaeli. "Walipokuja kukuita. Nilikukatiza."

"Niliomba waniletee mtu mmoja wa kusimama hapa, Mama. Nikasema akija tu, nakuja."

"Ulimwambia Elisante?"

"Nilimwambia. Na Shemeji Helieth pia."

Bibi Ndeshi aliingia sebuleni na mtoto begani. Mle ndani mlikuwa na joto. Elisante alikuwa anajipepea kwa sahani ya karatasi.

"Umeme ulipokatika mlifanya nini?" aliuliza.

"Tungefanya nini, Mama?" alijibu Elisante. "Tumefungua madirisha."

"Shika mwanao."

Elisante alimpokea mtoto. Akamgusa nywele, akashangaa. "Mbona amelowa hivi? Alikuwa wapi?"

"Alikuwa chini ya yaya wako. Baba Aika amekwenda kumvuta huko kwa tumbo."

Sahani ya karatasi ilianguka chini, wala hakuna aliyeiokota.

"Mlipomwita aliwaomba kitu," Bibi Ndeshi aliendelea. Hakupaza sauti, hakuwa na sauti ya kupaza. "Helieth, alikuomba nini?"

Helieth alitazama mikono yake. "Mtu wa kumshikia mlango."

"Mbona hukusema?"

"Nilimkasirikia, Mama. Halafu... nani angekubali kutoka? Kila mtu alitaka kusikia."

Bibi Ndeshi akaketi. Mabega yalimuuma.

"Na mimi nimetenda kosa hilo hilo leo," akasema. "Nimemgeuza shingo mlinzi kwa sababu ya heshima yangu, na mjukuu wangu nusura alipie. Kwa hiyo sisemi kama mtu aliye bora kuwashinda ninyi. Nasema nilichokiona. Humu ndani sisi sote tulikuwa tunabishana nani amlee Aika. Aliyekuwa anamlea alikuwa nje, na tulikuwa tunamwita aache. Mtoto anabaki kwa baba yake."

Helieth akaanza kulia, safari hii bila sauti.

"Nawe usilie hivyo," Bibi Ndeshi alimwambia. "Kusuka ni kazi yako. Kila Jumamosi utakwenda kumsuka huko huko kwa baba yake. Na hayo ya kike, siku ikifika, utamwambia wewe. Hakuna aliyekunyima mtoto."

Elisante alisimama, Jotham yuko kifuani mwake, akatoka uani. Alimkuta Anaeli ameketi chini, kando ya kigingi kilichong'olewa nusu, karibu na turubai lililolala. Alikuwa amechomoa waya wa mashine, umeme usije ukarudi ghafla kasri likajaa na watoto wamelipanda. Waya ulikuwa umezungushwa mkononi mwake, na watoto walikuwa wanamlaumu kwa zamu.

"Shemeji," alisema Elisante. "Mama ameamua. Aika ni wako."

Anaeli alifumba macho.

"Asante," akasema. Kisha akamnyooshea ule waya. "Nishikie hapa kidogo, nikanawe uso."

Elisante akaupokea waya, akaketi.

Funzo: Mtoto halindwi na kitu cha kukodi, wala halindwi na wingi wa watu wazima waliokuja kwenye sherehe, hulindwa na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, aliyekubali kuikosa sherehe kwa ajili yake. Kabla kasri halijajazwa upepo, mtajeni mtu huyo, msimwite kwa jambo jingine, na akichoka, apatikane wa kumpokea.